Mungu alijua, akasitiri

Tulikuwa katikati ya Mto Pangani. Mtoto alikuwa ameshika chuma cha ubavuni mwa pantoni kwa mikono miwili, anatazama nguzo za daraja jipya zinavyochomoza majini. Nilikuwa namrudisha kwa mama yake Mkwaja baada ya likizo ya Juni. Miguuni mwake kulikuwa na kiroba cha machungwa ya Muheza, na juu ya kiroba viatu vipya ambavyo hakutaka vilowe.

Aliuliza bila kunigeukia.

"Mama mkubwa, baba alikuwa muongo?"

Ana miaka 11. Baba yake alipofariki alikuwa na miaka mitatu.

Nikamwambia, "Tazama ile nguzo ya kati. Daraja likiisha litakuwa na urefu wa mita 525. Hutangoja tena pantoni."

"Ndiyo, mama mkubwa," akasema kwa adabu, akanyamaza. Pantoni ikagusa Bweni, pikipiki zikaanza kunguruma, watu wakasukumana kushuka. Nikamshika mkono. Hakuuliza tena.

Hiyo ni wiki ya saba sasa. Nasahihisha madaftari ya wanafunzi wangu, nasikia swali lile. Nikitoa salamu kwenye swala, nalisikia. Nimeamua kuliandika kwa sababu kulijibu kunanirudisha mahali nilipokwishapita kwa taabu, na nataka nipapite tena macho yakiwa wazi.

## Siku ya tatu

Mume wangu alifariki Mei 2017, mwezi wa Shaabani. Alikuwa mchuuzi wa nazi. Alinunua kusini ya mto akauza Tanga mjini. Presha ilimwangusha asubuhi pale soko la Mgandini akiwa anahesabu mzigo, na hadi tunamfikisha hospitali hakuwa tena na la kusema. Tukamzika siku ileile baada ya alasiri.

Siku ya tatu, hitima imekwisha na uani kumejaa wanawake, aliingia dada mmoja mgeni amemshika mkono mtoto wa kiume. Akakaa mkeka wa mwisho, karibu na mlango. Akalia.

Mtu aliyekuja kuhani hulia akimtazama mfiwa. Yeye alilia akitazama kiatu cha mume wangu kilichobaki kibarazani.

Mtoto akageuka, nikaona masikio. Mume wangu alikuwa na masikio ambayo ncha zake za juu zimekunjikia ndani, kama aliyebanwa kwa vidole udongo ukiwa bado mbichi. Wanangu wawili wa kike wameyarithi. Nikayaona kwa mtoto wa watu.

Kabla sijauliza lolote, wifi yangu akanishika bega. Kwa mkono ule nikajua kwamba yeye alijua.

Shemeji alijua. Shehe wa kule aliyefungisha ndoa alijua. Makuli waliokuwa wakinisalimia kila Ijumaa, "Shikamoo mwalimu," walijua.

Miaka mitano.

## "Ni haki yake"

Maneno niliyoambiwa zaidi katika siku zile yalikuwa haya: dini imemruhusu. Waliyasema kwa upole, wakidhani yatanituliza.

Sikubisha. Hata leo sibishi. Kuoa mke wa pili ilikuwa haki yake. Lakini kila Alhamisi aliniaga kwamba analala Mkwaja kungoja nazi zianguliwe, na kila Alhamisi nilimfungia chakula cha njia. Mwaka 2013 alikuja usiku, akakaa ukingoni mwa kitanda akiwa ameinama, akasema biashara imeyumba. Mama yangu alinipa bangili sita za dhahabu nilipoolewa. Nikazivua zote sita, moja baada ya moja, nikamwekea kiganjani. Sikumwambia mtu, maana sikutaka mume wangu aonekane ameshindwa.

Mwaka huohuo kule Mkwaja kulipauliwa nyumba ya bati.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka nia ya kuoa itangazwe angalau siku 21 kabla, na inampa mke nafasi ya kuweka pingamizi kama ndoa hiyo itamletea dhiki. Baadaye niliisoma mwenyewe kwa utulivu. Ni sheria nzuri. Ila pingamizi huwekwa na anayejua.

Hivyo nilipokuwa nikiambiwa "ni haki yake", nilikuwa naambiwa kwamba mimi sina haki ya kuumia. Hilo ndilo lililonifunga koo kuliko msiba wenyewe. Nilikuwa nimefiwa, nimedanganywa, na yote mawili yalinitaka ninyamaze: la kwanza kwa sababu ni kudra, la pili kwa sababu marehemu hasemwi.

Watu hudhani aliyefichwa jambo huogopa kesho. Mimi kesho haikunitisha. Ilinitisha jana. Palikuwa na Ijumaa moja alirudi na tasi wabichi amewafunga kwenye jani la mgomba, nikawakaanga, tukakaa mkekani wote wanne. Aliwakamulia ndimu hadi vidole vikanuka siku nzima, akawa anamtolea miba binti yangu mdogo na kumwekea minofu kwenye ukingo wa sahani. Ilikuwa moja ya siku zangu nzuri. Baada ya msiba nikawa najiuliza samaki wale aliwanunua wapi, na asubuhi ile alikuwa ametoka jikoni kwa nani.

Siku zangu zote zikawa hivyo. Nikawa sijui ipi ilikuwa yangu.

## Miezi minne na siku kumi

Nikakaa eda. Bila hina, bila wanja, bila udi. Idd zote mbili za mwaka ule zilinikuta ndani. Nilisikia takbira zikipita barabarani, nikamfunga mdogo nywele, nikamtuma akasali na dada yake.

Na kule Mkwaja yule dada naye alikuwa amekaa eda. Hesabu ileile, tarehe ileile ya kutoka. Wake wawili, eda moja, mto katikati.

Mabibi waliokuja kunitazama walinifundisha dua aliyofundishwa Bibi Ummu Salama, mwanamke wa zama za Mtume, alipofiwa na mumewe, Abu Salama. Mwenye msiba husema sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea, kisha huomba mambo mawili: alipwe kwa msiba wake, na apewe badala yake kilicho bora zaidi. Bibi Ummu Salama mwenyewe amesimulia kwamba alipofika kwenye hilo la pili alijiuliza, ni nani atakayekuwa bora kuliko Abu Salama?

Mimi nilikwama palepale alipokwama, kwa sababu tofauti. Yeye alijua alichopoteza. Mimi nilikuwa naomba kilicho bora kuliko kitu gani? Ningekilinganisha na nini?

Nikawa naisema nusu ya kwanza, ya pili naiacha.

## Mswala uliokunjwa

Sikuacha swala. Wanangu walikuwa wananitazama. Lakini nikitoa salamu nilikunja mswala hapohapo. Sikuinua mikono. Ukinikuta ungesema huyu ana haraka ya kazini.

Ukweli ni kwamba sikuwa na la kumwambia Mungu ila moja, na hilo niliogopa kulitamka. *Ulijua.*

Alhamisi zote zile, Ulijua. Nilipokuwa nafunga ule mkate wa kumimina kwenye kitambaa ili usipoe, Ulijua unakwenda kuliwa na nani. Nilipovua bangili, Uliona. Nilikuwa nakuomba kila alfajiri, "Ya Rabi, utusitiri mimi na mume wangu," na Wewe ukaitikia: ukamsitiri yeye, kwangu mimi.

Sisi watu wa pwani tunalipenda sana neno hili. Mtu akiwa na nguo, tunasema ana stara. Akiwa na chakula cha jioni, amesitirika. Akizikwa, tunasema Mungu amsitiri. Na tumefundishwa kwamba mwenye kumsitiri Muislamu mwenzake, Mwenyezi Mungu atamsitiri duniani na akhera. Sikuwahi kufikiri kwamba stara ya mtu mmoja yaweza kuwa giza la mwingine.

Nikakaa hivyo muda mrefu. Sikumkana Mungu. Nilimnunia.

## Pindo la leso

Mirathi ilifunguliwa Mahakama ya Mwanzo baada ya eda, shemeji akiwa msimamizi. Msimamizi ana miezi minne ya kuorodhesha mali na madeni. Na kwenye dini, deni hulipwa kwanza ndipo mali igawiwe. Kwa hiyo Februari 2018 tulikaa sebuleni kwangu: shemeji, wifi, wazee wawili, shehe wa mtaa, mimi, na yule dada wa Mkwaja. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa naye chumba kimoja tangu siku ya tatu.

Shehe akauliza kama kuna anayemdai marehemu.

Nikasema namdai bangili sita.

Shemeji akaniuliza, bila ubaya, "Una shahidi, shemeji?"

Nilimpa mume wangu, usiku, chumbani. Ningempata wapi shahidi?

Pakawa kimya. Kisha yule dada, ambaye alikuwa hajatoa neno tangu salamu, akasema, "Dada, zilikuwa na alama?"

"Moja ilibanwa na mlango wa kabati," nikamjibu. "Ina kibonyeo. Kama punje ya mpunga."

Akaingiza mkono ndani ya buibui, akatoa pindo la leso lililofungwa fundo, akalifungua kwa meno kwa sababu vidole vilikuwa vinatetemeka. Akaiweka mkekani mbele ya shehe. Sikuhitaji kuigusa. Nilikiona kibonyeo nikiwa nimekaa.

"Aliniambia umenitumia wewe," akasema. "Kwamba umeridhia, na hii ni zawadi ya kunikaribisha. Alisema wewe ni mtu mpole lakini hupendi kusumbuliwa, nisikupigie simu, nisije kwako mpaka uniite." Akafuta uso kwa leso ileile. "Mimi nikawa nakuombea. Kila nikiswali. Nilisema, mke mwenza gani huyu mwenye moyo hivi."

Ninyi mnaonisoma, sijui niwaelezeje. Nilikuwa nimekuja kwenye kikao kile na chuki niliyoitunza miezi tisa, naipa maji kila siku. Sikuwa na pa kuiweka tena. Mwanamke niliyemwona mwizi alikuwa ameibiwa nami pamoja, na mtu mmoja, kwa maneno matamu yaleyale. Na katika miaka yote ambayo nilidhani hakuna aliyejua habari zangu, kijijini ng'ambo ya mto kulikuwa na mtu ananitaja kwa jina mbele ya Mungu. Jina langu lilikuwa kwenye mikono iliyoinuliwa, wakati mimi nafunga mkate wa kumimina.

Shehe akasema shahidi amepatikana. Deni likalipwa kutoka kwenye fedha ya mzigo wa mwisho wa nazi. Kilichobaki kikagawiwa. Mjane kwenye dini, marehemu akiwa na watoto, ana thumni, na wajane wakiwa wawili thumni ni ileile moja, wanaigawana. Tukaigawana.

Bangili aliisogeza kwangu. Nikairudisha kwake. Akaisogeza tena. Wazee wakatazama chini.

Nikamwambia, "Kaa nayo. Safari hii ni mimi ninayekupa."

## Mwanamke aliyeshitaki

Mtu asidhani niliinua mikono usiku ule. Sikuinua. Ilinichukua hadi Ramadhani, miezi mitatu mbele.

Nilikuwa nasoma juzuu ya 28 ya Kurani, nikaanza sura ya Al-Mujadila, sura ambayo nimeisoma tangu chuoni nikiwa na miaka tisa. Inaanza kwa kusema Mwenyezi Mungu amemsikia mwanamke aliyekuwa akijadiliana na Mtume kuhusu mumewe, na akimshitakia Mungu. Wafasiri wanamtaja, Bibi Khaula binti Thaalaba. Mume wake alikuwa amemtamkia neno la kumfanya kuwa kama mama yake, neno la zama za ujinga, linalomwacha mwanamke si mke wala si mwachwa. Akaenda kulalamika. Na Bibi Aisha amesimulia kwamba alikuwa pembeni mwa nyumba ileile, na baadhi ya maneno ya mwanamke yule hakuyasikia. Lakini Mungu aliyasikia.

Nikafunga msahafu kidole kikiwa ndani.

Mungu hakumwambia Khaula "ni haki yake". Hakumwambia anyamaze kwa sababu ya heshima ya mume. Mashtaka yake yakawa aya, na watu wanayasoma kwenye swala hadi leo.

Usiku ule baada ya tarawehe nikakaa mswalani, nikainua mikono, na dua yangu ya kwanza baada ya mwaka mzima haikuwa na shukurani wala haikuwa na Kiarabu. Ilikuwa mashtaka matupu. Nikasema yote. Ulijua, Ulijua, Ulijua. Nikasema hadi sauti ikaisha.

Halafu, katika kile kimya, likanijia jambo ambalo sikulisoma popote na sidai kuwa ni elimu. Mungu alimsitiri mume wangu miaka mitano. Labda ile haikuwa zawadi kwake. Labda ilikuwa muda. Alhamisi baada ya Alhamisi alipewa nafasi ya kurudi nyumbani, akae ukingoni mwa kitanda kama alivyokaa siku ya bangili, aseme mwenyewe. Angefunua kwa ulimi wake, ningelia, ningegomba, huenda ningerudi kwa mama. Lakini ningejua. Alipewa muda hadi muda ukaisha pale Mgandini, katikati ya hesabu ya nazi.

Nilimlilia usiku ule. Siyo kujililia. Nilimlilia yeye, kwa kubeba mzigo ule peke yake na kufa nao.

Hapo ndipo nilipomaliza nusu ya pili ya dua ya Ummu Salama.

## Breki ya nyuma

Tanga ni mji wa baiskeli, na mimi huenda kazini kwa baiskeli. Fundi wangu yuko Ngamiani, chini ya mwarobaini. Ni mgane. Mkewe alifariki mwaka 2020, nami nilikwenda kuhani kama jirani wa kazi, nikatoka. Hapakuwa na zaidi.

Siku moja katika mwaka 2022 nilimwachia baiskeli anibadilishie viatu vya breki. Akafunga, nikamlipa, nikaondoka. Nikaiendesha siku mbili bila kuona tatizo lolote. Siku ya tatu napita, akanisimamisha, uso hauna raha.

"Mwalimu, samahani. Breki ya nyuma nilikufungia kiatu cha zamani. Vilichanganyika kwenye kopo, nimekuja kugundua jana nilipohesabu. Wewe ulilipia kipya."

Akaigeuza baiskeli juu chini, akafunga kipya, akaona haitoshi, akanirudishia shilingi elfu mbili zangu.

Nikaichukua ile noti, nikapanda, nikafika hadi kona ya pili, nikashuka. Nilikuwa nalia barabarani, mwalimu mzima, watoto wa shule wanapita.

Nisingejua kamwe. Hilo ndilo lililonishusha. Alikuwa amesitirika kabisa, breki ilikuwa inashika, hakuna ambaye angemuuliza. Na siku mbili zilimtosha.

## Sharti

Alipoleta posa, mwaka uliofuata, nilikataa. Kisha nikasema nafikiri. Kisha nikakataa tena.

Nisiwafiche, nilimchunguza. Niliuliza majirani wa zamani wa mkewe. Niliuliza wanaouza kahawa mkabala na mwarobaini wake. Nikawa nawaza, huenda huyu anakiri madogo ili afunike makubwa. Mtu akishadanganywa na aliyempenda, hata ukweli huutazama kwa nyuma kama noti ya bandia. Nimeona ndoa nzuri zikivunjwa na macho ya namna hii, na niliyajua yapo usoni mwangu.

Binti yangu mkubwa, wakati huo ana miaka 18, alinifuata jikoni. "Mama, mimi yule mzee nampenda. Lakini ukilia tena kama ulivyolia, mimi siwezi."

Sikuwa na jibu. Nikaendelea kukuna nazi.

Bibi Ummu Salama naye alikuwa na visingizio. Mtume (S.A.W.) alipomposa alisema ana binti, na ana wivu. Hakuambiwa kwamba visingizio vyake ni vya kipuuzi. Mtume alimwambia atamwombea Mungu kwa hayo yote mawili. Nilitulia juu ya hilo siku nyingi. Hofu yake iliombewa, haikukemewa.

Mwisho nikamwita mbele ya kaka yangu, nikasema nina sharti moja. Kaka akadhani nitasema asioe mwingine.

"Sikuambii usioe," nikamwambia. "Nakuambia usinifiche. Chochote. Kikikuaibisha ndiyo uniambie mapema zaidi."

Alifikiri kwa muda, anakuna mafuta meusi kwenye ukucha.

"Hilo naliweza, mwalimu," akasema. "Yako mengine nitayakosea."

Tulifunga ndoa mwezi wa Rajabu, mwanzoni mwa 2024. Mke mwenzangu alivuka mto siku mbili kabla, akalala kwangu, akanipaka hina yeye mwenyewe. Asubuhi ya ndoa alifungua pindo la leso akanivisha ile bangili. Kesho yake nikamrudishia.

Sitaki mtu asome hapa akadhani nimepona kama kidonda kinavyofunga. Alhamisi bado ni siku ndefu kwangu. Jua likishuka nakuwa kama mtu anayesikiliza mlango. Sikuwahi kumwambia mume wangu hilo. Lakini tangu mwezi wa pili wa ndoa yetu, kila Alhamisi hufunga kazi mapema, na saa kumi na moja namsikia anaegemeza baiskeli ukutani.

## Bweni

Nikarudi kwenye swali la pantoni.

Katika wiki hizi saba nimejitetea kwa kila namna. Kwamba ni mtoto. Kwamba si mimi wa kumwambia, ana mama yake. Kwamba marehemu hasemwi vibaya, na mwenye kusitiri atasitiriwa. Kisha nikagundua kwamba nimeanza kuhesabu: leo sijamwambia, wiki ijayo nitamwambia. Hesabu ile naijua. Nimewahi kulala pembeni ya mtu aliyekuwa anaihesabu.

Nikampigia simu mama yake. Nikamweleza. Akanyamaza, kisha akasema, "Dada, na mimi ameniuliza. Nikamwambia akamuulize mama mkubwa."

Jumamosi iliyopita nimevuka. Walikuwa wananingoja upande wa Bweni, mama amekaa kwenye kivuli na mwavuli, mtoto amesimama jua kali karibu na maji. Amerefuka. Masikio yaleyale.

Tukatembea sisi wawili hadi kwenye mtumbwi uliopinduliwa ufukweni, tukakaa juu yake.

"Uliniuliza kitu," nikamwambia, "nami nikakuonyesha daraja. Samahani."

Akachora mchangani kwa kidole cha mguu.

"Baba yako alitudanganya, mama yako na mimi. Kwenye jambo kubwa. Muda mrefu. Aliogopa kusema, na kila siku iliyopita ikazidisha woga. Ndiyo, kwenye hilo alikuwa muongo."

Hakulia. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeletewa kitu alichokuwa anajua uzito wake kabla hajakibeba. Pantoni ilikuwa inatoka upande wa pili, tukaitazama hadi ikafika katikati.

"Na alikuwa anapenda nini?" akauliza. "Kula."

"Tasi," nikasema. "Wa kukaanga. Ndimu nyingi, pilipili kando. Na miba alikuwa anatutolea yeye."